Uzi wa Mguuni

Mama mkwe wangu alikuwa na kipimo chake cha watoto, nacho kilikuwa uzi. Kila mjukuu alipoanza kukaa, alimsokotea uzi wa nyuzi za gunia na kumfunga juu ya kifundo cha mguu, bila kumbana. Uzi ukianza kubana, wanawake wa ua wetu walipiga vigelegele, naye akaulegeza. "Mutoto anajaa," alisema, na siku hiyo hakumgombeza mtu. Huku kwetu, kwenye njia ya kwenda Wamaza, kujaa ni sifa. Mtoto aliyejaa ni mtoto mwenye mama.

Mwanangu wa pili, mvulana, alianza kujaa mwaka ambao sufuria yetu haikuwa na kitu. Na asiniambie mtu kwamba hatukulima. Tulilima. Maharagwe yetu, karanga zetu na mafuta ya mawese vilipanda pikipiki vikaenda Salamabila kuwalisha wachimba dhahabu, maana wanunuzi wako huko. Mume wangu naye alikuwa huko huko shimoni, akila, nadhani, karanga nilizozipanda mwenyewe. Mbuzi walikwenda na wenye bunduki. Sisi wenye shamba tukabaki na ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo huo huo, isiyo na mafuta. Mtoto nilimwachisha ziwa mapema, kwa kuwa nilikuwa na mimba nyingine.

Uzi ukabana. Vigelegele vikalia, ukalegezwa. Haukupita muda ukabana tena. Mashavu yalikuwa ya mviringo, miguu ya mtoto wa tajiri, na nywele zilianza kugeuka rangi ya majani makavu. Majirani waliniuliza namlisha nini. Lakini mtoto hakucheza. Alikaa pale nilipomweka, akilia kwa sauti ndogo, na chakula alikisukuma kwa mkono. Nikamfunga mgongoni, tumbo langu mbele, nikatembea hadi kituo cha afya.

Mwuguzi hakuuliza mengi. Alimbonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Niliitazama ngozi nikisubiri irudi, haikurudi.

"Hapana kujaa hii, mama," alisema. "Ni kuvimba. Mutoto iko na bwaki. Njaa ndiyo inafanya hivi."

Bwaki nilikuwa nimeisikia, ila nilidhani ni ya watoto waliobaki mifupa mitupu. Sikujua kwamba njaa inaweza kumnenepesha mtu.

Tukalazwa. Alipewa maziwa ya dawa, kidogo kidogo kwa kikombe, na maji yakaanza kumtoka mwilini. Alikunywa. Alinishika kidole. Siku moja alimcheka kuku aliyeingia wodini, nami nikalia kwa furaha mbele za watu. Lakini kadiri maji yalivyotoka ndivyo mbavu zilivyojitokeza, na uzi ukawa unazunguka ovyo mguuni.

Hapo ndipo mama mkwe alipokuja kututazama. Alimwinua mtoto, akaupima uzi kwa vidole viwili.

"Alikuja hapa iko amejaa," alimfokea mwuguzi, "na ninyi munamukausha! Maziwa gani hii inakula nyama ya mutu?"

Mwuguzi akaeleza. Nami nikaeleza. Sisi tulikuwa na maneno tu, yeye alikuwa na uzi mkononi. Nilipokwenda mtoni kufua, alimbeba mtoto akaondoka naye ili amwokoe. Ndivyo alivyoamini, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba siwezi hata kumwita mtu mbaya.

Niliwafuata kwa miguu, nikimtukana njia nzima peke yangu. Nilipofika nyumbani giza lilikuwa limeingia, nikamkuta anamlisha uji wa muhogo kwa kijiko kikubwa. Kulipokucha mikono ya mtoto ilikuwa baridi. Alikata roho nikifunga kitenge ili nimrudishe kituoni. Tulipomwosha, uzi ulivuka kisigino wenyewe.

Nilimchukia mama mkwe, sitaficha. Tuliishi ua mmoja, tukapikia jiko moja, nikawa nampakulia bila kumtazama. Binti niliyemzaa baada ya msiba hajafungwa uzi, na bibi yake hajathubutu kuusokota. Kila nikimwogesha humbonyeza mguu kwa kidole gumba, nasubiri ngozi irudi. Bibi yake hukaa kwenye kigoda, akiangalia.

Mwaka huu mihogo imeoza ardhini na sufuria imekuwa nyepesi tena. Kila jioni nilimwona bibi akimega ugali wake na kuuteremsha kwenye sahani ya binti yangu. Sikumshukuru. Nilijiambia ni deni analolipa, na halitaisha.

Juzi nilimkuta nyuma ya jiko, amepandisha kitenge hadi magotini, anajibonyeza mguu. Shimo lilikuwa pale, na kidole alishakiondoa.

"Mutoto wangu," aliniita, na hakuwa ameniita hivyo tangu msiba. "Hii ni kujaa, ao ni kuvimba?"

Hasira yangu yote niliitafuta, sikuiona.

"Ni kuvimba, mama. Kesho tutaenda kituoni, kwa muganga."

Aliteremsha kitenge akaufunika mguu, akaunyoosha vizuri upindo wake.

"Basi," alisema, "pakulia mutoto kwanza."