Nilimwita mwizi, kumbe panya waliitwa na karanga zangu

Mimi ni mpumbavu mwenye digrii mbili. Naandika hivyo mwenyewe kabla hamjaniambia. Jina langu mtalikosa, maana nina ofisi hapa Dodoma na watu huniamkia kwa heshima. Wangejua!

Nyumbani kwangu, mtaa wa Kikuyu, nilikuwa na mlinzi, mtu mzima wa kunizaa, mwenyeji wa Kibakwe. Nitamwita Mzee Ndahani. Alikaa chumba cha uani na mkewe. Katika kanisa la jirani yeye ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa, na funguo za mlango alishika yeye. Mimi sikumpa shikamoo hata siku moja. Nilisubiri aniamkie yeye, eti kwa sababu namlipa! Naye alinisalimia kila asubuhi kwa miaka minne, bila kununa.

Mwaka jana nikapelekwa masomoni Arusha, miezi kumi. Gari nikaliacha uani chini ya turubai. Nilikuwa na magunia mawili ya karanga, nasubiri bei ipande. Stoo ilikuwepo, nzuri tu, lakini ufunguo wake ungebaki kwa nani? Kwa mzee! Nikaona atazila. Basi nikalaza viti vya nyuma, nikasukumia magunia ndani ya gari, nikafunga milango na kuondoka na ufunguo.

Kabla sijaondoka mzee alisogea, kofia mkononi.

"Mama, karanga ndani ya gari zitaita panya. Bora ziende stoo, mimi na paka wangu tutaziangalia."

"Panya unawajua wewe," nikamjibu. "Magari nayajua mimi. Na huyo paka nisimkute tena hapa, ananichafulia boneti kwa miguu yake."

Jamani, nilisema nikicheka! Wiki hiyo hiyo paka akapelekwa Kibakwe.

Niliporudi nikafunga betri mpya, nikawasha. Taa za dashibodi zikapepesa, honi ikalia yenyewe, stata kimya. Nikafungua boneti nikaona waya zimekatika, nyingine zinaning'inia. Sikuangalia mara mbili. Nikapiga kelele mtaa mzima usikie kwamba mzee amekata waya akauze shaba. Ndani ya gari kulinuka mkojo na magunia yalikuwa yamelegea, nalo hilo nikamhesabia mzee, wakati ufunguo nilikuwa nao mimi Arusha! Ndiyo akili ya msomi hiyo.

Nikampekua. Nilimwaga begi lake chini, mbele ya mkewe na majirani. Mlikuwa na shati jeupe la kanisani, kitabu cha nyimbo na tochi. Hata hapo sikuona aibu, nikasema shaba ameshaiuza. Nikawatoa siku hiyo hiyo. Mkewe alilia. Yeye aliokota shati, akalikung'uta vumbi, akalikunja taratibu.

Kesho yake nikaleta fundi umeme wa magari. Aliinama dakika mbili, akaanza kucheka.

"Dada, mwizi gani wa shaba anakula plastiki, halafu shaba yenyewe anakuachia?"

Akaingiza mkono nyuma ya injini, akatoa kiota kizima. Sponji ya boneti, nyuzi za turubai, vipande vya plastiki nyekundu na njano, na maganda ya karanga. Karanga zangu! Waya zilikuwa uchi, shaba inang'aa kwenye jua, na zile zilizokatika zilikuwa na alama za meno. Mtoto wa chekechea angeziona.

Fundi alikaa siku tatu. Alifuata waya mmoja mmoja kwa rangi yake, akaunga kwa lehemu, akakivika kila kiungo mpira. Nikamwambia afanye haraka, azisokote tu na tepu. Akanitazama kwa dharau. "Nikizisokota zitashika moto, utaanza kumtafuta mwizi wa kiberiti." Nilistahili.

Gari likawaka. Nikaliendesha moja kwa moja hadi Kibakwe. Mzee alikuwa mlangoni kwake anapukuchua mahindi, paka amelala miguuni. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari limepona?"

Ndicho alichoniuliza! Nikalia, nikaomba msamaha, nikamsihi arudi.

"Nimekusamehe," akasema. "Kurudi, hapana. Maneno yako yalifika kanisani, wakaniomba funguo. Hawakuniita mwizi, walisema nipumzike kidogo. Sasa kwa uzee huu, nipumzike mpaka lini?"

Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya waumini wa kanisa lile, nikaeleza yote, panya, karanga na begi. Mnajua walifanya nini? Walinipigia makofi! Mimi! Wakasema nina ujasiri, kina mama wakanikumbatia mlangoni. Mlango wenyewe ulifungwa na mtu mwingine, na funguo anazo huyo mpaka leo.

Sasa ninyi wenzangu wenye magari na vyeo, mnaosubiri kuamkiwa na watu wa kuwazaa, nawajua vizuri. Msiache chakula ndani ya gari linalolala. Paka mwacheni apite, boneti inafutika. Na gari likikataa kuwaka, iteni fundi kwanza, kabla hamjagusa begi la mtu.

Langu linawaka vizuri sana siku hizi. Kila asubuhi nawasha mara moja tu linaitika, halafu nashuka kwenda kujifungulia geti.