Shanga Nyekundu za Mwanahamisi

Mwanahamisi wa hapa kwetu Mtawanya hakuwa mwongo. Hilo nalisema mapema, maana watu wa huku tukishapata la kusema juu ya mwanamke hatuna breki. Alikuwa mwoga tu, na uoga wake ulikuwa na sababu.

Tangu alipovunja ungo, siku zake zilikuja zilivyotaka zenyewe. Zikija mwezi huu, zinapotea miezi mitatu, minne, kisha zinarudi kwa fujo mpaka anashindwa kwenda kwenye genge lake la nyanya. Uso ulimjaa chunusi. Kidevuni vilimwota vinyweleo vigumu, akiving'oa kwa kibano alfajiri kabla mumewe hajaamka. Mume mwenyewe, Shafii, alikuwa utingo wa lori, mtu mpole, mwenye masihara, asiyependa makelele.

Walipofunga ndoa, alikwenda hospitali kwa siri. Daktari Doris, mama mmoja mwenyeji wa Bukoba, alimpima, akamweleza kwamba ovari zake zina vifuko vidogo vidogo vingi, homoni zimepishana, mayai hayatoki kwa wakati. Kisha akaliona kava la simu ya Mwanahamisi lenye picha ya msichana wa tamthilia za Kikorea, zile zinazotafsiriwa kwa Kiswahili, akatabasamu.

"Unawaona hawa na nyuso zao laini? Hata kwao huko, katika wasichana ishirini, mmoja hivi ana hali hii. Ni ya wengi, mdogo wangu, sisi tunaificha tu. Kuzaa unaweza kuzaa. Huenda ukachelewa, huenda ukahitaji dawa. Mwambie mumeo, mje wote."

Katika yote hayo Mwanahamisi alisikia neno moja tu: kuchelewa. Wakorea wangemsaidia nini yeye, mwenye mama mkwe anayeuliza kila Ijumaa kama kuna habari? Alitoka pale, wala hakumwambia mumewe kitu.

Sasa, kuna nyumba huku kwetu ambazo mambo ya hedhi hayasemwi kwa mdomo. Mwari akichezwa unyago, somo wake humfundisha: ukiwa katika siku zako, tundika shanga nyekundu kichwani pa kitanda, ukiwa safi, tundika nyeupe. Mume akiingia anaona, yamekwisha, hakuna la kuulizana. Shafii alilelewa katika nyumba ya namna hiyo, na shanga alizisoma vizuri.

Miezi ya kwanza ya ndoa zilikaa nyeupe tu. Shafii akaanza kumtazama mkewe tumbo kwa matumaini, na matumaini yale yalimtia Mwanahamisi baridi. Tumbo halipo, nyekundu hazipo, angesema nini? Basi akafanya lililomjia. Kila mwezi ulipoandama alitundika nyekundu siku kadhaa, hana hata tone, kisha akazishusha na kurudisha nyeupe, kama mwanamke yeyote. Nyumba ikatulia. Yeye hakutulia.

Ukapita mwaka hivyo. Kisha tajiri wa lori akampeleka Shafii Songea kusomba mahindi, kazi ya miezi miwili. Asubuhi ya safari alitupa jicho kitandani, akakuta nyekundu.

"Hata kuniaga vizuri hutaki," alitania, akabeba begi lake.

Aliporudi alimkuta mkewe anatapika, hataki hata kunusa samaki. Alifurahi, jamani, akampeleka kupimwa yeye mwenyewe, amemshika mkono njia nzima. Muuguzi alipitisha kipimo tumboni, akawapa hongera. Mimba ilikuwa imepita miezi mitatu. Mwanahamisi alipigwa na butwaa, maana mwanamke asiyeona siku zake atajuaje kama amezikosa? Alipogeuka kucheka na mumewe, Shafii alikuwa ameuachia mkono wake.

Walipofika nyumbani Shafii alifunga mlango.

"Nilipoondoka ulikuwa mwezini," alisema. "Niliona mwenyewe. Kwa hiyo hii imeingia nikiwa Songea."

"Muuguzi amesema imepita miezi mitatu, Shafii. Ulikuwepo."

"Mashine ya watu inakosea. Macho yangu hayakukosea."

Mwanahamisi aliona hana pa kutokea. Akinyamaza, ni mzinifu, na mtoto hana baba. Akisema, ni mwongo wa mwaka mzima. Hofu ikamshika kote kote, akasema. Alisema yote, huku analia: siku zisizokuja, hospitali, kibano, na zile nyekundu zilizotundikwa bure. Hata ile ya asubuhi ya safari.

Shafii alisikiliza mpaka mwisho.

"Zote zilikuwa za uongo?"

"Mara mbili tu zilikuwa za kweli. Twende kwa Daktari Doris, atakwambia."

"Daktari atasema unaumwa. Atasema na mimba ni ya nani?" Alikuwa anaongea polepole, hana hata hasira, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Mwaka mzima umenidanganya bila kufungua mdomo. Leo unataka niuamini mdomo."

"Ni wako, Shafii. Wallahi ni wako."

"Sikufukuzi. Azaliwe, tumwone sura."

Na kweli hakumfukuza. Alimletea machungwa, alimchotea maji, aliwajibu majirani kwamba wanamshukuru Mungu. Mama mkwe akaanza kushona vitambaa vya mtoto. Mwanahamisi alikula, akanenepa, na kila alipocheza mtoto tumboni alishtuka. Mtoto aliyemwomba kwa Mungu kwa machozi, sasa alikuwa anamwogopa.

Maana kulikuwa na jambo ambalo Shafii hakulijua bado, na yeye alilijua tangu utotoni. Kwao watoto wote huchukua sura ya upande wa mama. Yeye mwenyewe hakufanana na baba yake hata ukucha.