Mwavuli Ulioruka Kinamasini

Kwa miaka thelathini na moja fundi miavuli hakuwahi kuvua viatu kwa ajili ya kazi. Siku hiyo alivua. Alikuwa akikata njia nyuma ya gereji, kando ya kinamasi, akaona mwavuli mweusi umefunguka juu ya maji, mzima, haujachanika popote. Watu wana mali ya kutupa! Akakunja suruali, akaingia matopeni hadi magotini, moyoni ameshazipangia kazi zile mbavu nane za chuma. Akanyoosha mkono. Mwavuli ukajikunja, ukatoa shingo ndefu, ukamkodolea jicho la manjano, ukaruka.

Kosa lake lilikuwa kwenda kusimulia.

Duka lao ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa mlangoni yupo fundi na benchi lake, koleo, nyuzi na rundo la vitambaa vyeusi. Upande wa ndani yupo kinyozi na kioo chake. Huyu ni mdogo wa marehemu mke wa fundi, na mdomo wake haukuwekewa pazia.

"Eti mwavuli umeruka, shemeji?" aliuliza, mashine ikinguruma mkononi. "Na ulikuaga?"

Wateja walicheka mpaka mmoja akaharibiwa kisogo. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa ukimwita fundi Mwavuli Umeruka. Jina angelivumilia, mtu mzima hafi kwa jina. Kilichomchoma ni kwamba kinyozi alikwenda na hadithi ile moja kwa moja kwa binti yake fundi, ambaye jina lake ndilo lililo kwenye mkataba wa chumba. Siku nyingi kinyozi alitaka benchi liondoke aweke kiti cha pili. Sasa alikuwa amepata sababu ya kuisema mbele za watu: macho ya mzee yamekwisha.

Binti alikuja na upole, na upole ule ulimuudhi fundi kuliko matusi.

"Baba, umri umekwenda. Pumzika nyumbani. Mjomba anasema siku hizi unaona vitu ambavyo havipo."

"Mjomba wako naye anaona kiti ambacho hakipo. Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Nitakuletea picha yake."

"Picha ya nini, Baba?"

"Ya huyo ndege. Ikiwa ni mwavuli, benchi nitalitoa kwa mikono yangu."

Maneno makubwa hayo kwa mtu ambaye hajawahi kushika kamera! Lakini mpiga picha za pasipoti wa mtaa wa pili alikuwa na miavuli yake myeupe ya kutawanyia mwanga wa taa, yote miwili imevunjika shingo. Fundi aliitengeneza, naye akaazimwa kamera kuukuu yenye lenzi ya kuvuta karibu. Hapo ndipo alipoambiwa pia kwamba ndege wake ana jina. Anaitwa yangeyange mweusi.

Wiki ya kwanza alipiga kidole chake mwenyewe, mawingu, na mkia wa bata anayeondoka. Wiki ya pili jua lilimchoma utosi, basi akaenda na mwavuli. Fundi mzima, na kwa mazoea akachukua ule bora kuliko yote, unaojifungua wenyewe. Alijibanza kwenye matete, bata wako hatua kumi tu, akabonyeza kitufe. Paa! Kinamasi chote kikahama. Bata, kwarara, kukuziwa, wote juu, kila mmoja akimtukana kwa lugha yake. Hata vyura walinyamaza.

Alijitukana na yeye, kisha akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Kesho yake akaja na mwavuli mbovu, ule wa kusukumwa polepole kwa mkono, akakaa chini yake tangu alfajiri. Akajifunza kuliweka jua mgongoni. Akajifunza kwamba ukimfukuzia ndege humpati, ila ukikaa kimya atarudi palepale alipopaacha. Alimwona mdiria akimpigapiga samaki kwenye tawi kabla ya kummeza, na kwarara akitembea kwa kuinama kama mtu aliyeangusha sindano. Zilikuwepo asubuhi ambazo kinyozi hakumjia akilini hata mara moja, na asubuhi hizo alikuwa na furaha tupu.

Siku tatu kabla ya mwezi kwisha, yangeyange mweusi alikuja. Alipiga hatua mbili, akafunua mabawa yakakutana mbele, kichwa kikazama ndani. Samaki wadogo wakakimbilia kivulini, na kivuli kikawala. Fundi alitikisa kichwa kwa heshima. Huyu anaijua kazi. Akabonyeza mara moja tu, ndege akaondoka.

Picha ilipotoka, aliipeleka dukani. Binti alikuwepo. Kinyozi alikuwa akimnyoa mtu ndevu kwa wembe, povu limemjaa mteja usoni. Akaipokea picha, akaisogeza mbali, akaisogeza tena mpaka mkono ukaisha, akaielekeza kwenye taa.

"Mwavuli!" akapiga kelele. "Shemeji, umetupigia mwavuli! Tena umefunguka vizuri!"

Binti alichungulia, akainamisha uso. Kweli, kwa kutupia jicho ulikuwa mwavuli mtupu. Fundi alisogea, akaweka kidole kwenye picha.

"Tazama chini ya pindo, kushoto. Ameinua mguu. Vidole vya manjano hivyo, na ncha ya mdomo."

Kinyozi alikunja uso, akafinya macho. "Hapa hakuna kitu."

"Vipo," alisema mteja kutoka kitini, povu likimdondoka. "Vidole vya manjano. Mimi naviona nikiwa hapa."

Binti aliichukua picha, akaitazama upya, akaviona.

"Kumbe kuna mtu humu macho yamemwisha," fundi alisema. "Mimi nashika sindano, shemeji. Nikikosea najichoma mwenyewe. Wewe unashika wembe."

Mteja aliinuka, taulo shingoni, shavu moja limenyolewa na jingine bado. Alisema atarudi siku nyingine, akatoka hivyohivyo barabarani.

"Basi, Baba," binti alisema taratibu. "Benchi libaki."

"Libaki?" Fundi alikuwa ameshaketi, anachambua nyuzi. "Kwani lilikuwa linakwenda wapi? Ila Jumamosi asubuhi msinitafute. Nitakuwa kinamasini."