Chumba cha Pili na Shimo la Maji

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa na vyumba viwili, na cha pili nilikipata kwa kununa. Ilikuwa mwaka 1991, mtaa wa Rwezamenyo, Kigali, kwenye kiwanja cha wazazi wa mume wangu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori: wiki mbili njiani, siku tatu nyumbani, na siku hizo tatu tulilala nyuma ya pazia sebuleni kwa mama yake. Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Nilitaka mlango wangu mwenyewe, basi.

Baba mkwe, fundi cherehani, alikubali tujenge nyumba ndogo ya matofali ya udongo upande wa chini wa kiwanja. Mtaa wetu wote umelala kwenye mteremko, na mabomba ya maji machafu hatukuwa nayo. Kila nyumba ilikuwa na shimo lake la choo, na maji ya kuogea yalikwenda yanakojua yenyewe, mara nyingi kwa jirani.

Bwana wa komini, ofisi ya serikali ya pale kwetu, akaja kukagua. Alikuwa mpole na viatu vyake vimejaa tope, nami nikamdharau hapo hapo.

"Muzee," alimwambia baba mkwe, "sasa hapa itakuwa nyumba mbili, na choo ya zamani iko karibu kujaa. Nyumba ya pili lazima ipate choo yake, na shimo ingine ya maji ya kuoga. Hiyo ya maji iwe chini ya choo, hatua kumi. Usiweke juu. Maji itakula udongo, choo itaanguka."

Mama mkwe alifurahi, kwa sababu zake mwenyewe. Kwake lilikuwa jambo la aibu maji ya udhu kuingia shimo moja na uchafu. Jirani yetu Mkristo alimtania kwamba Waislamu watamaliza mvua yote ya Kigali kwa kunawa miguu, naye akacheka.

Ila hatua kumi chini ya choo ndipo kilipopangwa chumba changu cha pili. Baba mkwe alivua tepu yake ya kushonea shingoni, akapima, akapigilia kigingi penye hatua ya kumi, akapima tena kama mtu anayetafuta suruali kwenye kitambaa cha kaptula. Haikupatikana.

"Mwanangu, tuanze na chumba kimoja," aliniambia.

Nilinuna siku nne. Kupika nilipika na salamu nilitoa, ila uso niliuvuta hadi chini. Siku ya tano nilimwambia mama mkwe, nikijua baba anasikia, kwamba nyumbani kwetu hata mbuzi walikuwa na chumba chao.

Baba akaacha kupima. Choo chetu kipya kikachimbwa, na shimo la maji likachimbwa upande wake wa juu, hatua tatu tu. Likajazwa mawe, likafunikwa udongo, na juu yake akapanda migomba miwili. Bwana wa komini aliporudi ilikuwa Ijumaa, na baba mkwe alikuwa ametoka msikitini, bado amevaa kanzu. Alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba mpya.

"Iko kule," alisema.

Yule bwana hakwenda kutazama. Nani angemkagua mzee aliyetoka kuswali? Akaandika karatasi yake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na tumbo langu, nikanyamaza.

Chumba cha pili hakikupata sakafu ya saruji. Vita vya kaskazini vilikuwa vimeifanya saruji iadimike. Niliweka humo masufuria, mkeka na sanduku la nguo, na mara nyingine niliufungua mlango nikakitazama tu. Nilikuwa na furaha, siwezi kusema uongo.

Mama mkwe alisumbuliwa na magoti, na choo cha zamani kilikuwa juu, kwenye ngazi za mawe. Akawa anakuja kwetu. Kila wakati wa sala alifika na birika lake la bati, akatawadha, na maji yake yakaishia chini ya migomba. Migomba ikanenepa. Tuliisifu.

Mvua za masika zilipoanza, niliona ufa mwembamba kwenye sakafu ya choo. Nilimwambia mume wangu, akasema ataushughulikia akirudi safari. Mama mkwe sikumwambia. Angemwambia baba, na baba angejua ni kwa sababu ya chumba.

Alasiri moja mvua ilikatika. Mama mkwe alipita mlangoni kwangu na birika lake, akamwona mtoto wangu mchanga mgongoni kwangu.

"Mfunike kichwa, kuna baridi," alisema.

"Ndiyo, mama."

Nilisikia kishindo, si kikubwa, kama gunia la viazi limeshushwa. Nilipotoka, choo hakikuwepo. Tope lilikuwa bado linaporomoka, na mgomba mmoja umelala. Wanaume wa mtaa walichimba, Waislamu na Wakristo, na hakuna aliyetaja harufu. Walimtoa kabla ya magharibi, hana uhai.

Kwetu maiti huoshwa nyumbani, na chini ya kitanda cha kuoshea huchimbwa mfuo, shimo la kupokea maji yake ili yasikanyagwe na watu. Sakafu ya nyumba kubwa ilikuwa ya saruji. Wanawake wakaniuliza kama kuna chumba chenye sakafu ya udongo.

Nilitoa masufuria. Nikakunja mkeka, nikaburuta sanduku hadi nje. Baba mkwe alikuja na jembe mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Hakunitazama. Alichimba katikati ya chumba, pale alipokuwa amepigilia kigingi siku ile ya tepu.

Tulimwosha kwa maji mengi kuliko kawaida, kwa sababu ya tope. Yote yaliingia pale, na udongo ukayanywa bila shida.