Kikapu cha Shangazi Dalenda na Kadi ya Anouar

Shangazi Dalenda ni dada wa baba yangu, na hapa Nabeul, si mbali na Tunis, watu wanamjua kwa pua. Mpelekee maji ya maua ya mchungwa, yale tunayoyaita zahari, atakwambia maua yamechumwa mtaa gani na kama aliyeyapika alikuwa na haraka zake. Mwezi wa tatu ukiingia anatandika mashuka chini ya michungwa michungu ya uani, anachuma, anajaza mtungi wake wa shaba, anawasha moto mdogo halafu anakaa kwenye kigoda kusubiri mvuke ugeuke tone. Miaka thelathini na moja anakaa hapo.

Sasa miaka yote hiyo zahari yake ilikuwa inanunuliwa na mfanyabiashara mmoja wa Tunis, Bwana Mongi, ambaye anabandika lebo yake yenye mchoro wa msichana mwenye kiuno chembamba. Shangazi alikuwa anaiangalia lebo anasema, "Huyu akiinua mtungi wangu anakatika katikati." Tulikuwa tunacheka. Halafu mwaka juzi akaacha kucheka. Akasema anataka chupa zimfikie mnunuzi zikiwa na jina lake yeye, Dalenda, na mtu akizisifia amsifie yeye. Basi, hilo tu.

Hapo ndipo nikaingia mimi. Nina miaka kumi na sita, sijasomea kompyuta popote, ninachojua nimekiokota kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na nilifurahi mpaka nikakosa usingizi, wallahi. Watu wanadhani duka la mtandaoni ni picha nzuri tu. Picha inamleta mteja, sawa, lakini kazi yote iko kwenye kikapu, ile programu inayoshika vitu alivyochagua, inajumlisha, inamuuliza tulete wapi, inapokea malipo. Kikapu kikizingua, mteja kaenda.

Nikaleta programu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya bure, unaijenga mwenyewe. Niliijenga siku mbili, siku ya tatu ukurasa ukawa mweupe, hakuna kitu, mpaka leo sijui niligusa nini. Ya pili ilikuwa ya watu wa Tunis, sura mbaya kijani kama duka la dawa, lakini mteja analipa akishapokea mzigo mlangoni, kama tulivyozoea. Tatizo ilimtaka Shangazi atume picha ya kitambulisho chake, namba ya benki, na barua ya kuthibitisha anakaa wapi. Aliudhika kabisa. Akaniuliza kwani anauza maua au anaomba pasipoti, na ni nani hao wanaotaka kujua amezaliwa lini. Akasema watu wanaokudadisi hivyo wana lao jambo.

Ya tatu ilikuwa ya nje, na jamani ilikuwa nzuri. Chupa inazunguka ukiigusa. Mteja akiondoka katikati, kikapu kinamtunzia vitu vyake. Hiyo ilimgusa sana Shangazi, maana nilipomweleza kuwa watu wengi wanajaza kikapu halafu wanakiacha, alisikitika kama kuna mtu kaacha mtoto sokoni. "Wamekiacha mlangoni kimejaa? Na hakuna hata aliyewauliza kulikoni?" Nikamwambia hii ya tatu inawaandikia meseji kuwauliza. Akasema basi hiyo ina adabu, tuchukue hiyo.

Haikuuliza kitambulisho. Ilitaka kadi tu.

Na hapo ndipo penye shida yetu, kwa sababu sheria hairuhusu dinari itoke nje ya nchi, na kadi zetu za kawaida ukiziweka kwenye tovuti ya Ulaya zinakataliwa. Lakini nani hapa hana ndugu Ufaransa? Tunafanya wanavyofanya wote: unampa baba wa huyo ndugu dinari huku, mtoto wake analipa yuro kule. Sisi tulikuwa na Anouar wa Marsei, mtoto wa baba mkubwa Habib. Mama yake alipougua, Anouar alilala nyumbani kwa Shangazi mwaka mzima, na Shangazi ndiye aliyemfundisha kuchuma ua bila kuvunja kitawi. Tulipompigia hata hatukumaliza kueleza. Alisema tumwachie yeye, Shangazi apike tu, duka atalifungua kwa dakika kumi. Akalifungua, akatutumia paswodi. Nikaandika juu Zahari ya Dalenda, nikapiga picha mikono ya Shangazi ikifunga kizibo, nikaiweka mbele kabisa ya duka na kwenye lebo.

Mtu wangu, oda ziliingia. Msimu wa kwanza tu! Watu wetu wa Liyon, wa Nisi, mmoja wa Jeneva, wengi ni wanawake wanaokumbuka jikoni za mama zao. Walikuwa wanalipa kwa kadi, pesa inapita kwa Anouar, anampa baba yake habari, baba yake anatuletea dinari. Shangazi alinifanya nimsomee kila jina, kisha analirudia polepole wakati anafunga chupa. Mmoja aliandika kwamba ameifungua chupa akalia. Hiyo niliisoma mara sita, kila mgeni akifika naambiwa nisome tena.

Mwezi wa sita simu ikanyamaza, hakuna oda. Siku nne, wiki. Nilidhani ni mtandao. Nikaingiza paswodi, ikakataa. Nikaingiza tena polepole kwa kidole kimoja, ikakataa. Tulimpigia Anouar akasema kuna marekebisho, tusiwe na wasiwasi. Baada ya hapo akawa hapokei, anajibu kwa vikatuni vya kucheka. Shangazi alimtetea. Alisema kijana ana kazi mbili, na watu wa huko hawana muda hata wa kukohoa.

Mwezi wa nane, wenzetu wa Ulaya wanaporudi likizo, mama mmoja wa Liyon akaja kupiga hodi. Anaitwa Monia. Alikuwa na chupa nusu kwenye mfuko, na haya usoni, maana kumlaumu mtu mzima mlangoni kwake si kitu chepesi. Akasema chupa ya kwanza ya mwezi wa tano ilikuwa kama peponi, ila hii ya mwezi wa saba imemwashia mtoto uso alipompaka. Akauliza kwa upole kama Shangazi anaumwa.

Nikaishika. Zahari ya Dalenda, mikono ya Shangazi kwenye lebo, picha yangu mimi. Shangazi hakuwa ametuma hata chupa moja tangu simu iliponyamaza. Akanusa mara moja tu, akairudishia kizibo.

"Haya hayajawahi kuonana na ua," alisema.

Alimpa Monia chupa mbili za kweli bila malipo, akamwomba ile nusu amwachie.

Siku tatu baadaye Anouar akafika kutoka Marsei, miwani kichwani, chokoleti mkononi, anambusu Shangazi kichwani kama zamani. Nilidhani Shangazi atamrukia. Akamwambia keti, akapika kahawa, na kwenye kikombe chake akadondoshea zahari, kama tunavyomfanyia kila anayerudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni, niliona kaitoa kwenye chupa ipi.

Anouar akanywa, akafumba macho kidogo.

"Aah, Shangazi. Hii sasa ndiyo nyumbani. Kule huipati hii."

"Ni yako," alisema Shangazi. "Ile unayouza."

Anouar aliweka kikombe chini taratibu. Halafu akaanza kueleza, na aliongea vizuri, hiyo ndiyo iliyoniuma. Kwamba oda zilifika mia nne na Shangazi ana mtungi mmoja. Kwamba kapata kiwanda kinachochanganya manukato na maji. Kwamba jina la Shangazi sasa linajulikana mpaka Brusseli, alitaka nini zaidi?

"Nataka duka langu."

"Duka liko kwa jina langu, Shangazi. Kadi yangu, imeili yangu. Hata ukienda kushtaki watakuuliza karatasi."

"Mimi sikukuuliza za karatasi." Akamsogezea kikombe. "Nijibu moja tu. Hapo ulipofumba macho, ulidhani ni yangu?"

Anouar aliangalia simu yake. Hakukuwa na kitu kwenye ile simu, niliiona, ilikuwa nyeusi.

Aliondoka bila kumaliza kahawa. Jioni baba mkubwa Habib alikuja kumtetea mwanawe, akasema damu ni damu. Shangazi akamwambia baba mkubwa kuwa hana neno na damu, ana neno na pua: mtoto aliyelala mwaka mzima kando ya mtungi wake, leo hajui tofauti. Kuibiwa duka angeweza kukuzoea, alisema, lakini si hilo la pua.

Asubuhi aliniita, akatoa kitambulisho kwenye kitambaa alichokifunga kiunoni, akakiweka mezani karibu na mkate. Akasema nifungue ile programu ya kijani, ile yenye udadisi. Nikapiga picha mbele na nyuma. Barua ya makazi tulienda kuichukua wenyewe manispaa, tukapanga foleni na watu wa leseni, na Shangazi akawaambia wote anafungua duka. Iliuliza maswali kumi na saba. Alijibu yote, hata la mwaka aliozaliwa, ambao mimi mwenyewe nilikuwa siujui.

Swali la mwisho lilikuwa anuani ya duka mtandaoni. Nikaandika zahari ya dalenda, nikabonyeza. Ikatokea nyekundu: hii ina mwenyewe.

Nikajaribu kuunganisha, nikajaribu kugeuza, dalenda zahari. Ina mwenyewe pia, Anouar alishazichukua zote. Yeye alikuwa anaangalia mdomo wangu, kama alivyokuwa anafanya nikimsomea majina ya wateja.

"Wameandika nini?"

Nikamwambia.

Alivuta kiti akaketi. Nilidhani atalia, akawa anakunja tu kile kitambaa cha kitambulisho, mara nne, mara nane, mpaka kikawa kidogo kama kizibo. Halafu akaniambia niandike jina la mama yake, Mannoubia, maana huyo alishakufa na haombi kadi kwa ndugu wa Ufaransa.