Nilibadili Mota Bila Kumwambia Mama Mdogo

Wasomaji wenzangu, nimemwomba mhariri alifiche jina langu, maana ukurasa huu husomwa hata na majirani zetu. Nina miaka ishirini na minne, sijaolewa. Nilisoma chuo cha ufundi Dar es Salaam na sasa niko nyumbani Endabash, huku Karatu, kwa mama mdogo. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la pili, na huyu ndiye aliyenilea. Mtu mwingine wa kumwita mama sina. Ndiyo maana naandika kwa hofu.

Mama mdogo hushona mikanda ya ngozi yenye shanga, ambayo huuzwa kwa watalii wanaokwenda kreta kutazama wanyama. Kinachomaliza vidole katika kazi hiyo ni kutoboa ngozi. Nilipomaliza chuo, mwalimu aliniruhusu kuchukua mota mbili kutoka kwenye printa mbovu ya kompyuta. Mota za aina hiyo huitwa stepa. Hazizunguki mfululizo kama feni, huenda hatua kwa hatua, kila hatua na umeme wake. Nikatengeneza mashine ndogo kwa mbao, betri ya gari na transista za redio zilizokufa. Mota inazungusha skrubu, skrubu inashusha sindano nene, tundu linatoka. Nilianza na mota ndogo, fupi kama kopo la dawa ya viatu. Ngozi ya mbuzi iliiweza. Ikikutana na ngozi ya ng'ombe ilinguruma, ikapoteza hatua zake, na sindano ikasimama palepale.

Mama mdogo aliipenda kwa udhaifu huohuo. Aliiacha sindano imguse ukucha, mota ikanguruma bila kusogea, naye akacheka mpaka machozi.

"Mashine ya mwanangu ina adabu," aliwaambia wanawake wa kikundi chake. "Ikinigusa inaomba radhi. Mume wangu hajafika hapo!"

"Nipeni na mimi betri muone!" baba mdogo akajibu kutoka uani.

Ikawa mazoea. Hakuondoa tena kidole karibu na sindano.

Kisha watu wa hoteli wakataka mikanda minene. Nikaiongezea mota ndogo umeme ili ipate nguvu. Ikapata moto, ikaungua. Nikafunga ile ya pili. Upana wake ni uleule, ila ni ndefu mara mbili. Ndani ina chuma na sumaku zaidi, kwa hiyo nguvu yake ya kuzungusha ni kubwa zaidi, na skrubu huizidisha tena. Hayo nilikuwa nayajua, nimeyafanyia mtihani. Niliijaribu kwa ngozi ya ng'ombe iliyokunjwa, sindano ikapita kama inapita kwenye ugali. Nilifurahi mno. Sikumwambia mama mdogo, kwa sababu nilitaka ashangae mwenyewe.

Asubuhi yake nilikuwa jikoni nakoroga uji, nimetega sikio, nasubiri kelele yake ya furaha. Nilisikia kelele nyingine. Nilipofika, sindano ilikuwa imeingia kidole cha shahada cha mkono wa kulia na kutokea upande wa pili, na mota bado inasukuma. Haikunguruma hata kidogo. Nilichomoa waya wa betri, nikairudisha skrubu kwa mkono, mzunguko mmoja mmoja, naye ananiangalia usoni.

Kule zahanati, mganga aliuliza imekuwaje. Nilifungua mdomo. Mama mdogo akaniwahi. "Ni macho yangu, daktari. Uzee umeingia."

Nikafunga mdomo. Njiani akanifuta machozi kwa mkono wake mzima: "Usilie, mama. Mashine yako haina kosa, ni ileile ya siku zote."

Kidonda kimepona, ila kidole hakikunjiki tena. Baba mdogo akasema, "Shanga basi. Macho yamekwisha, kaa na mbuzi." Mwanamke huyu hajafika hata miaka hamsini, na hajawahi kukubali neno la mumewe bila kulibishia walau kidogo. Safari hii alisema, "Sawa." Akachukua makopo yake ya shanga, akawagawia wanawake wa kikundi. Hapo ndipo hofu iliponiingia kweli, kuliko siku ya damu.

Nimefunga kipande cha bati mbele ya sindano, mtu mwingine asiumie. Nilidhani moyo utatulia. Baba mdogo alipoliona bati alinisifu mbele ya wageni: "Huyu ndiye mtoto! Amemwonea huruma mama yake na macho yake." Niliinamia sahani yangu.

Naogopa nikisema atajua kwamba pale zahanati nilimwacha ajisingizie, na kwamba kila siku tangu hapo nimemwacha tena. Naogopa sauti atakayoitumia kuniita baada ya hapo. Naogopa pia kwamba atanisamehe upesi mno, ili nisiumie, halafu aende nyuma ya nyumba alie peke yake. Nikiwa peke yangu najaribu kuyasema maneno hayo kwa sauti. Nafika "mama, ile mota," nakwama.

Jana alikuja nilipokuwa nimekaa, ameshika sindano ya kushonea kwa mkono wa kushoto.

"Nitungie uzi, mama. Mimi sioni."

Niliipokea. Uzi ulikuwa umeshaingia. Alikuwa ameutunga mwenyewe, kwa mkono asiouzoea, akauona umeingia, na bado hakuyaamini macho yake.

Nilisema, "Haya, tayari," nikamrudishia. Akanishukuru.

Dada zangu, mama zangu, nisaidieni. Nianze na neno gani?