Upande wa Nyuma wa Kibao

Nilikiharibu kibao kile kwa kukisugua kupita kiasi. Kilikuwa cha shaba, kikubwa kama sinia la chai, na ndiyo kazi yangu ya kwanza ya maana tangu bosi aniondoe kwenye vikombe vya mashindano na vibati vya majina ya mbwa. Maneno yalikuwa machache: jina la mwanamke wa Kinorwe, miaka yake, kisha kwamba alikuwa mwandishi na miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini kwao kudai haki zao hadharani. Kingetoka karakana yetu hapa Birmingham hadi Norwe, kikabandikwe kwenye nyumba aliyoishi.

Sikusomea kazi hii. Nilijifunza kwa kutazama video chumbani kwangu, mtaa wa Small Heath, nikichonga vifuniko vya makopo. Labda ndiyo maana siiamini kazi yangu mpaka niikague hadi macho yaume. Herufi zikishachongwa hujazwa rangi nyeusi. Ikikauka, unausugua uso wa shaba ili rangi ibaki ndani ya herufi tu. Nilisugua, ikapendeza. Nikaona kidoa ambacho pengine hakuna mwingine angekiona. Nikasugua tena, na tena. Neno linalosema alikuwa mwandishi likapauka, kama maandishi ya sarafu kuukuu.

Bosi, mzee wa Kiingereza asiyepandisha sauti, alikiinamisha kwenye mwanga wa dirisha.

"Umemfuta," alisema.

"Nitachonga upya."

"Mteja anakuja kesho mchana. Nampa mwenzako."

"Tukigeuze. Nyuma ni safi. Niachie mimi."

Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Mimi ni mtu wa kuomba radhi nikikanyagwa kwenye basi.

"Na upande huu?"

"Utaelekea ukutani."

Alikigeuza. "Haya. Ukuta haujui kusoma. Lakini ukikiharibu na huko, unarudi kwa mbwa wako."

Nilichonga alasiri ile ile, nikajaza rangi, nikaiacha ikauke hadi asubuhi. Kilichobaki ni kusugua, yaani pale pale niliposhindwa.

Nyumbani, mama mdogo ninayeishi naye alikuwa sebuleni anamchora bibi harusi maua ya piko mkononi. Nilikaa sakafuni nikamweleza yote.

"Huyo Mnorwe kakufanyia nini hata huli?"

"Alipigania wanawake, mama mdogo."

"Basi kapigana bure, ikiwa wewe unalizwa na sinia."

Bibi harusi alicheka, mkono ukatikisika, ua likapinda. "Anti, hapo limekwenda upande. Pitia tena kidogo."

"Nikipitia litakuwa doa. Tulia." Mama mdogo alichora jani pale lilipopinda, kisha akauinua mkono wake juu na kuuacha huko. Nimemwona akifanya hivyo tangu utotoni, nikidhani ni mbwembwe.

"Mbona unauinua hivyo?"

"Nisipouinua utarudi. Mkono una tamaa, mwanangu."

Asubuhi nilisugua taratibu, mkondo mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia. Rangi ilitoka usoni, herufi zikabaki nyeusi, kali. Chini ya jina lake kulikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele. Niliuona. Vidole vilikuwa vimeshakunja kitambaa. Nikauinua mkono juu.

"Unataka kuuliza nini?" bosi alisema kutoka upande wa pili wa meza.

"Siulizi. Nimemaliza."

Mteja alikuwa mama wa makamo, koti lake limelowa mvua. Alisoma maneno kwa kidole, taratibu, halafu akafanya nililokuwa naliogopa: akakigeuza kibao. Maneno yalikuwa kule pia, lile la mwandishi limepauka. Bosi alifungua mdomo ili anisitiri. Nikamtangulia.

"Nilianza upande huo nikauharibu," nilisema. "Nikachonga upya huku. Kazi yote ni yangu."

Yule mama alinitazama, akakigeuza tena, akautazama mkwaruzo, au mimi nilidhani anautazama. Kisha akauliza kama kinakuja na skrubu zake.

Nikamfungia skrubu nne kwenye karatasi. Alipotoka, bosi alisukuma bamba jingine la shaba, jipya, likasimama mbele yangu. Nilifuta mikono, nikashika kalamu ya kuchongea.